Jeruto Atakula kwa Nani

Kitale, 9 Machi 2003

Kwa binti yangu Ciru,

Salamu kutoka nyumbani, na Mungu asifiwe tumefika. Hamjambo huko mlimani? Mimi huku sijambo, ila magoti yananiuliza ni nani aliniambia nipande mpaka Cheptais. Kiplimo hajambo? Na mjukuu wangu Jeruto, bado anatembea kama mlevi?

Wanawake wa chama hawaongei kingine ila jiko lako. Binti yangu, tangu uolewe nilikuwa nangoja siku hiyo. Miaka yote hiyo unapika kwenye jiko la mama mkwe, unaomba chumvi, unaomba mwiko! Nilipopata habari Kiplimo amekujengea jiko lako mwenyewe nikawaambia wenzangu, hii itega, zawadi zake za vyombo, tutaibeba hata kama ni mlimani. Kwetu mwanamke haingii jikoni mikono mitupu kama mwizi.

Sufuria tulizokuletea amezitengeneza binamu yako Muigai kwa mikono yake, pale nyuma ya soko. Nilimwambia atengeneze nzito. Ukiinua sufuria na mkono usisikie kitu, hiyo ni karatasi, uji utaungua. Chama chote tunapikia za Muigai. Ile kubwa ni ya uji mchachu. Koroga unga wa wimbi na maji, funika, uache kando ya moto mpaka uchachuke vizuri, na upikie humo humo. Usihamishe. Mama yangu alitumia kibuyu, lakini hayo ni ya zamani, kibuyu hata ukioshe namna gani huwezi kuona ndani.

Na juu ya vibuyu, nilimwona mama ya Kiplimo akimpa mtoto yale maziwa yao ya mkaa, hiyo mursik ya kibuyuni. Nilinyamaza kwa sababu nilikuwa mgeni. Lakini tumbo la mtoto si la kuchezewa. Mpe uji wetu.

Naandika Kiswahili ili Kiplimo akitaka kusoma asome, asiseme tunamteta.

Mamako,
Rahab

*

Cheptais, 30 Machi 2003

Mama mpendwa,

Nimefurahi kupata barua yako. Pole kwa magoti. Sisi sote tuko wazima, ni baridi tu na ukungu, nguo hazikauki. Baba hajambo? Umwambie bado nangoja kuku wangu.

Mama, jiko langu! Naamka mapema nikae tu ndani nikiangalia. Hata Kiplimo ananicheka, ati nimeolewa tena na jiko. Mama Kiplimo alikuja kuona vyombo, akainua ile sufuria kubwa kwa mikono miwili akasema, "Hii ni sufuria ama ni jiwe la kusagia?" Tukacheka wote. Lakini najua ameumia kidogo, nyumba yake imekuwa kimya tangu tuhamie jiko letu. Aliniambia, "Mwambie mama yako asante. Lakini huyu mtoto alikuwa anakunywa mursik yangu na hajawahi kuumwa." Nikamwambia, "Yote ni chakula, Mama, mtoto ana tumbo moja na shosho wawili, wewe na mama yangu." Akatabasamu.

Jeruto uji ameupenda mpaka ni aibu. Asubuhi uji, jioni uji. Akiona nashika mwiko anapiga makofi. Mursik sasa anaikataa, anageuza uso, na kogo wake, huyo shosho wa huku, anaona.

Mwanao,
Ciru

*

Cheptais, 6 Julai 2003

Mama,

Habari za Kitale? Natumaini mko salama. Huku si salama sana.

Jeruto anaumwa. Ilianza na tumbo. Anajikunja analia, na choo hapati, ama anapata kidogo kigumu kama cha mbuzi. Tukampeleka dispensari, wakampa dawa ya minyoo. Tukarudi, wakampa ya malaria. Hakuna kilichobadilika. Ule uzito wake wote umeisha, na ndani ya macho ni mweupe. Mama, alikuwa anakimbia. Sasa anakaa. Namwekea doli lake hapo karibu na halichukui.

Chakula hataki. Ni uji tu anakubali, kwa hivyo nampa uji mwingi angalau apate nguvu.

Niambie nifanye nini. Wewe umelea watoto, mimi huyu ndiye wangu wa kwanza. Akilala naweka mkono puani mwake kuona kama anapumua.

Mwanao,
Ciru

*

Kitale, 13 Julai 2003

Ciru mwanangu,

Nimesoma barua yako nimesimama, nikaisoma tena nimekaa. Pole binti yangu. Tumemwombea kanisani, jina lake limetajwa mbele ya watu wote.

Sasa nisikilize, na barua hii usimwonyeshe Kiplimo. Mtoto mzima hakauki tu hivi hivi kama mahindi bila mvua. Dawa ya minyoo haikusaidia, ya malaria haikusaidia. Basi jiulize: mtoto anakula kwa nani? Ukiwa shambani anabaki na nani? Wewe mwenyewe uliniandikia kwamba yule mama hakufurahi ulipohama jiko lake, na mtoto akakataa maziwa yake. Mimi ni mtu wa kanisa, mambo ya uchawi siyaamini. Lakini sumu si uchawi. Sumu ni kitu mtu anaweka kwenye kikombe.

Kuanzia leo mtoto asitie kitu mdomoni ambacho hukupika wewe, kwenye sufuria yako, kwa moto wako. Hata maji. Ukienda shambani, nenda naye mgongoni.

Mamako anayeogopa,
Rahab

*

Cheptais, 31 Agosti 2003

Mama,

Salamu nyingi. Samahani nimekaa bila kuandika, sikujua niandike nini.

Nilifanya ulivyosema. Jeruto alikula kwangu tu. Mama Kiplimo akileta kitu napokea, nasema asante, na akienda nawapa kuku. Siku moja alirudi kuchukua shali yake akanikuta. Aliangalia kuku, akaniangalia mimi, akaenda.

Na Jeruto alizidi kuumwa.

Halafu dada yake Kiplimo, yule Judy wa Ndalu, akajifungua kwa shida, nikaitwa kwenda kumsaidia. Huwezi kupeleka mtoto mgonjwa kwenye nyumba ya mtoto mchanga. Kiplimo akasema Jeruto abaki kwa kogo. Nililia lakini ningesema nini? Nilienda Ndalu nikiwa na hakika nitaitwa kuzika.

Mama, niliporudi mtoto alinikimbilia! Amenenepa kidogo, anafukuza vifaranga, anasema "kogo, njo." Nilipiga magoti pale pale kwenye matope. Nikamrudisha kwangu, nikampikia uji wake, nikasema Mungu amesikia. Na kabla ya mwezi kuisha yote yakarudi. Tumbo, kilio, macho. Sasa hata usiku anashtuka.

Nieleze maana yake nini. Kwa nini anapona kwa yule mama na anakufa kwangu?

Na mimi mwenyewe nina mimba, sikuwa nimekuambia. Tumbo linaniuma, na mdomoni nasikia kama nimelamba msumari. Nakunywa uji tu, ndio unakaa.

Ciru wako

*

Kitale, 7 Septemba 2003

Ciru,

Hongera kwa mimba, na Mungu aifunike kwa mkono wake. Sitauliza habari za afya, najua hakuna afya huko.

Unauliza maana yake nini? Mtoto wangu, hata kipofu angeona. Anayefunga ndiye anayejua kufungua. Alitaka mtoto awe wake, ukampa, akaacha kumdhuru. Ukamchukua, akaanza tena. Wazee walisema mchawi mpe mwana kulea. Wampe wengine, si mimi.

Mlete Jeruto kwangu. Mwambie Kiplimo ni mambo ya hospitali, Kitale kuna madaktari wazuri. Mlete, na umwache mpaka ujifungue. Hapa kwangu mkono wa yule mama hautafika.

Mamako,
Rahab

*

Cheptais, 12 Oktoba 2003

Mama,

Jeruto anaendeleaje? Tangu nimwache kwako sijalala. Analia akiniulizia? Anakula?

Huku nyumba imeharibika. Kiplimo alikuwa anatafuta kitambulisho chake chini ya godoro akapata barua zako. Alizisoma zote. Hakunipiga, usiogope. Alikaa kitandani akaniuliza, "Ni mama yangu huyu mnayesema? Aliyenizaa?" Amemwambia mama yake. Huwezi kumficha mtu kitu kama hicho, maana alikuwa anauliza kila siku mtoto amepelekwa wapi. Sasa Mama Kiplimo hapiti mbele ya jiko langu. Anazunguka kule chini, kwenye nyasi, na yeye mguu wake ni mbaya.

Na Kiplimo amesema wewe usikanyage hapa. Amesema ukija yeye ataondoka.

Mama, na kama tumekosea? Ninaogopa kukuuliza lakini nauliza.

Ciru

*

Kitale, 26 Oktoba 2003

Ciru,

Njoo. Ukipata barua hii usingoje kesho.

Jeruto ameshikwa na degedege. Nilikuwa nampa uji, kikombe kikadondoka, nikafikiri ni utundu. Nikaona macho yamegeuka na mwili umekuwa kama ubao. Tulimbeba na baba yako tukikimbia. Yuko hospitali, wodi ya watoto. Anapumua. Haniangalii.

Nitakuambia kitu na unisamehe nikisema vibaya. Siku za kwanza alipofika nilikuwa nasema, ona, atapona, huyu sasa yuko mikononi mwangu. Nilimpikia mwenyewe. Nililala naye. Sikumwachia mtu, hata baba yako. Na alizidi kuumwa mbele ya macho yangu.

Ciru, hapa kwangu hakuna Mama Kiplimo. Hapa ni mimi tu. Basi ni mkono wa nani?

Mamako

*

Kitale, 18 Novemba 2003

Ciru mwanangu,

Barua hii anakuletea Kagwe, yule muuza vitunguu, mkononi, leo hii hii. Nimemwambia asiondoke kwako mpaka aone kwa macho yake umemwaga uji. Ningekuja mwenyewe, lakini Kiplimo alipowatoa hospitali alipita mlangoni kwangu bila kusimama, na ninajua maana yake. Soma mpaka mwisho.

Ni sufuria.

Ulipokuwa wodini ulimwona yule Daktari Kipngeno alivyokuwa ananiuliza maswali, mpaka nikaudhika. Mtoto anakula udongo? Mnakaa karibu na watu wa betri? Mmepaka rangi nyumba? Mwishowe akaniuliza, "Shosho, unampikia na nini?" Nikamwambia kwa kiburi, na sufuria nzuri. Akasema niilete, pamoja na uji ulivyochachukia humo. Akatuma Nairobi pamoja na ile damu ya mtoto. Jana ameniita. Kwenye damu kuna risasi, yale madini mazito ya ndani ya betri ya gari. Kwenye uji pia iko, tena nyingi. Haina harufu, haina rangi. Inatoka kwenye sufuria, na kitu kichachu kikilala humo ndio kinaitoa zaidi. Inaingia kwenye damu, kwenye mifupa, kwenye kichwa cha mtoto. Ndiyo sababu wodini alianza kupata nafuu, alikuwa anakula cha hospitali. Ndiyo sababu alipona kwa kogo wake.

Kwa kogo wake, Ciru. Maziwa ya kibuyu.

Nilienda kwa Muigai moja kwa moja. Nilikuta lundo lake: injini, mabomba yaliyovunjika, pasi za zamani, na hizo betri zimepasuliwa. Yote anayeyusha pamoja. Nilimpigia kelele mpaka watu wakajaa. Nikamwambia anamuua mtoto wa binamu yake. Aliniangalia akasema, "Shangazi, si wewe ulisema unataka nzito?" Akaanza kulia. Na yeye ana watoto nyumbani, wanakunywa uji kwenye sufuria hizo hizo.

Sasa sikia. Mwaga uji wote. Usisugue sufuria na mchanga ati itaisha, haiishi. Usipikie hata maji ya kuoga. Usimpe jirani, usimlishie mbwa. Zizike ama zitoboe na panga. Daktari anasema pikia sufuria ya stili, ama chungu cha udongo kisichopakwa rangi, na kitu kichachu kiwekwe kwenye gilasi ama kibuyu. Mrudishe Jeruto hospitali, dawa ya kuitoa damuni inaletwa. Na wewe upimwe. Usingoje. Uko na mtoto tumboni.

Nimezunguka kwa wanawake wa chama, mlango kwa mlango. Wengine wameleta sufuria zao wakilia. Wengine wananicheka, ati nyanya zetu walipikia nini, ati Rahab mzee amechanganyikiwa. Kuna mmoja nilimwacha anakoroga uji na mjukuu ameshika sketi yake. Nilimsihi, bana, karibu nipige magoti. Aliendelea kukoroga.

Sijui kama Jeruto amekula kwako asubuhi hii. Hilo ndilo linaniua. Nahesabu Kagwe amefika wapi.

Mamako

*

Cheptais, 7 Desemba 2003

Mama,

Kagwe alifika nikiwa nimeshika kikombe. Aliniondolea mkononi hata kabla ya salamu.

Kilikuwa changu. Jeruto hakuwa amekula kwangu. Tangu tutoke hospitali Kiplimo alimpeleka kwa mama yake moja kwa moja, hakuniuliza. Nilimchukia kwa hilo. Nilikuwa nasimama nyuma ya nyumba ya yule mama nikisikiliza kama mtoto analia, niingie nimnyakue. Fikiria, Mama, kama ningeingia.

Tumempeleka apate ile dawa. Anakula. Anatembea. Degedege haijarudi. Lakini maneno yake yamepotea, hata "kogo", hata "njo." Akitaka kitu ananyoosha kidole. Daktari anasema pengine yatarudi, pengine baadhi. Ukimuuliza lini, anaangalia karatasi zake.

Mimi nimepimwa. Iko, na si kidogo. Nilikuwa nakunywa uji huo asubuhi na jioni, nikiwa peke yangu humu jikoni, kwa sababu nilikuwa naogopa na mimba ilitaka kitu kichachu. Wanasema ilipita kwangu ikaenda kwa huyu wa tumboni. Wanasema tungoje azaliwe. Akicheza tumboni nalia, asipocheza naogopa. Siku yangu yote ni hiyo. Naogopa, Mama, sijawahi kuogopa hivi.

Kiplimo amepunguza hasira. Alichukua barua yako akamsomea mama yake yote, hata pale ulipoandika habari za maziwa. Mama Kiplimo alikuwa anachambua mboga, hakuinua uso. Kiplimo alipomaliza kusoma, mama yake akaenda kukamua. Nikafikiri ni basi.

Aliporudi aliweka maziwa chini akaniuliza mimi, si Kiplimo: "Huyo mtoto akizaliwa mama yako atataka kuja. Akija, ataweza kula kwangu?"

Anangoja. Jibu wewe.

Ciru

*

Kitale, 14 Desemba 2003

Ciru,

Leo sina salamu ndefu.

Mwambie Mama Kiplimo nitakula. Umwambie wewe, kwa mdomo wako, umemwangalia. Mwambie nitakula chochote atakachopika, na maziwa nitakunywa, na sitauliza yametoka wapi. Mwambie Rahab anasema alimwita muuaji na mtoto alikuwa anapona mikononi mwake. Usiyapunguze maneno haya ili nisiaibike.

Si chakula chake naogopa. Naogopa kuingia mlangoni na Jeruto aniangalie, na asiwe na neno la kuniita. Namwogopea huyo aliye tumboni. Nimeomba mpaka maombi yameniishia, sasa nakaa tu mbele ya Mungu kama mtu ameitwa kwa chifu.

Sitangoja mtoto azaliwe, nitakuja Jumamosi, kama atakubali. Nitakaa kwake, si kwako. Asiponipa chakula siku ya kwanza, mwambie nitakaa hapo nje kwenye baridi yenu, na nitangoja ya pili.

Mamako,
Rahab